Kuagiza Chakula kwa Kiingereza: Tulivyoanza Kujifunza

Siku moja tulitoka Kalimoni asubuhi, watu saba wa kikundi, kwenda Thika kufungua akaunti ya benki. Kazi iliisha saa saba, na njaa ilikuwa imetubana. Mwenye kiti akasema leo tule mahali pazuri, kikundi kitalipa. Tukaletewa menyu ya kurasa nne, Kiingereza kitupu. Kila mmoja aliitazama, akaigeuza, akampa mwenzake. Mwishowe mama mmoja akanyoosha kidole kwenye mstari fulani, na sisi wote tukasema, "Hiyo hiyo."

Ikaja supu. Kibakuli kidogo kwa kila mtu, na kipande cha mkate. Tulilipa pesa ambazo zingetushibisha wali na maharagwe sokoni na chenji ibaki. Kwenye mkutano mweka hazina aliulizwa maswali mpaka akakosa la kusema, kwa maana pesa zilikuwa za wote. Hapo ndipo tulipoamua kutenga nusu saa katika kila mkutano tujifunze mambo haya.

Kwanza tuseme ukweli: tungeuliza kwa Kiswahili tu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kuelezwa anachonunua. Kilichotufunga mdomo ni aibu. Lakini kuna siku utakaa meza moja na mgeni asiyejua Kiswahili, na vijana wetu wanatafuta kazi katika hoteli za huku Thika Road. Kwa hivyo Kiingereza kidogo kinafaa.

Shida ya kwanza ni kutafsiri neno kwa neno. Kwetu ukisema "Nipe chai" kwa sauti nzuri, hakuna anayekasirika. Lakini "Give me tea" kwa Mwingereza ni kama amri. Sema "May I have tea, please?" yaani naomba chai tafadhali. Tamka "mei ai hav tii, pliz". Sentensi hiyo moja itakufikisha mbali. Badala ya chai weka chochote unachotaka. Ya pili ni "What is this?" yaani hii ni nini, na ya tatu "How much is it?" yaani ni pesa ngapi. Hizo mbili zingetuokoa siku ile.

Sasa menyu yenyewe. "Starter" ni chakula kidogo cha kufungulia tumbo, na supu yetu ilikuwa huko. Mwenye njaa atafute "main course", ndicho chakula chenyewe. "Dessert" ni kitu kitamu cha mwisho, kama matunda au keki. Tamka "dizaat", kwa maana ukisema "dezat" umeitisha jangwa! Ukiulizwa nyama iiveje, jibu "well done", iive kabisa. "Rare" ni ile ambayo ndani bado ni nyekundu, na sisi hatujaizoea.

Ulimi nao una mambo yake. Wengi wetu ni Wakikuyu, na tunajijua. "Rice" ni wali, lakini "lice" ni chawa. "Chips" ni viazi vya kukaanga, "ships" ni meli. Tulicheka sana siku tuliyofanya zoezi hilo, mzee mmoja aliagiza samaki na meli mara tatu mfululizo. Tena kuna maneno tunayodhani ni Kiingereza cha kila mahali. "Bitings" mgeni hatalielewa, mwambie "snacks". Na ukimwambia twende "hotel" tukale, huenda akadhani ni mahali pa kulala, mwambie "restaurant".

Mkimaliza, sema "The bill, please." Isomeni kabla ya kutoa pesa. "Service charge" ni malipo ya kuhudumiwa ambayo nyumba imeongeza yenyewe. "Tip" ni ya hiari yako. Na chini ya menyu tafuteni maandishi madogo. Yakisema "inclusive of VAT", kodi iko ndani ya bei. Yakisema "exclusive", bado itaongezwa, na VAT ni asilimia 16. Chakula cha shilingi 1,000 kinakuwa 1,160 kabla hujaongeza kitu kingine. Kwa watu saba hiyo ni shilingi 1,120 zaidi, na mweka hazina ndiye atakayeulizwa.

Mazoezi tunafanya hivi: mmoja anajifunga kitambaa kiunoni awe mhudumu, menyu tunaiandika wenyewe kwenye karatasi, na anayekosea anarudia. Safari yetu ijayo ni ya Nairobi. Atakayeagiza tumeshamchagua, ni yule mama aliyenyoosha kidole.