Nani Akabidhiwe Kampuni Tanzu?

Kampuni kubwa ya ng'ambo inapofungua kampuni tanzu katika nchi nyingine, suali zito kuliko la kodi na la bei ni la mtu: je, uongozi apewe mgeni atokaye makao makuu, au mwenyeji wa nchi ile? Mwanachuoni wa Marekani, Howard Perlmutter, alipolichungua jambo hili mwaka 1969, alizigawa kampuni hizo mafungu matatu, yaani zile ziwaaminizo watu wa kwao tu, zile ziwaachiazo wenyeji mambo ya nchi yao, na zile zimtafutazo afaaye popote alipozaliwa.

Hoja za kumleta mgeni si dhaifu, kwani huijua kazi ilivyo kwao, hujua ni nani wa kuombwa huko London au Johannesburg ili mtaji uidhinishwe upesi, na wenye mali humwamini kwa kuwa wamemzoea. Lakini gharama yake ni kubwa, maana fauka ya mshahara hutakiwa nyumba, karo za watoto na tikiti za ndege; na aghalabu huondoka pindi aanzapo kuwaelewa wateja. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2015, humtaka mwajiri aonyeshe jinsi atakavyomwandaa raia wa kuirithi kazi ile.

Tuitazame Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, iliyoongozwa na Michael Joseph tangu 2000 hata 2010, kisha na Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana, mpaka alipofariki mwaka 2019. Katika zama za Joseph, Machi 2007, ndipo M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilipozinduliwa. Wazo lilitoka kwa watu wa Vodafone ya Uingereza, iliyokuwa na hisa katika Safaricom, waliodhamiria wakopaji wadogo walipe madeni yao kwa simu. Lakini katika majaribio ilidhihirika kwamba wateja walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao kwa haja zao nyingine, na ni haja hizo za wenyeji, wala si zile zilizokusudiwa ng'ambo, zilizoikuza huduma ile ikaenea nchi nzima.

Aprili 2020 akaingia Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kukabidhiwa uongozi wa Safaricom, na waliofurahi walikuwa na haki. Ila lisisahauliwe kwamba mwenyeji huyu alipata tajiriba yake akiwa mgeni, kwa kuwa aliziongoza kampuni za bia za Guinness za Ghana na Nigeria, na baadaye akasimamia shughuli za Diageo, wenye Guinness, barani Ulaya. Naye Sylvia Mulinge, Mkenya vilevile, alipoteuliwa mwaka 2018 kuiongoza Vodacom Tanzania, kibali cha kazi hakikutoka. Mwaka 2022 akawa mkuu wa MTN Uganda. Mtu yule yule, kwa maarifa yale yale, alizuiwa kusini mwa mpaka wa Namanga akapokewa magharibi mwa ule wa Busia, jambo linalonisikitisha, maadamu nchi hizi tatu zimo katika jumuiya moja.

Rai yangu ni kwamba uraia wa mkuu ni jambo la pili, na la kwanza ni mamlaka aliyo nayo. Zipo kampuni ambamo mwenyeji amepewa cheo, ofisi pana na dereva, ilhali mkuu wa fedha, aliyetumwa na makao makuu, ndiye mwenye sahihi ya benki, hata mkurugenzi hawezi kumwongeza karani mshahara pasipo kungoja jibu la barua pepe kutoka ng'ambo. Na hasara ikitokea, lawama zote humwangukia yeye. Kumteua mtu namna hiyo ni kumdhulumu yeye pamoja na nchi yake.

Basi wakurugenzi wampapo mwenyeji uongozi wampe na sahihi. Na wenye kutoa vibali, badala ya kuridhika na jina la mrithi lililoandikwa katika fomu, wamtake mwajiri ampeleke mrithi huyo akafanye kazi katika tawi la nchi nyingine kabla kibali cha mgeni hakijaongezwa muda.