Polisi wa Lubumbashi na wa Kolwezi: mshahara mmoja, soko mbili

Polisi wawili wa cheo kimoja, mmoja Lubumbashi, mwingine Kolwezi, wako na mshahara uleule. Hesabu inafanywa Kinshasa kufuatana na cheo, mji hauangaliwe. Lakini soko haijue cheo cha mtu.

Tuanze na chungu. Unga wa mahindi tunaokula huku, sehemu kubwa inatoka Zambia, inapita Kasumbalesa mpaka Lubumbashi. Ili ifike Kolwezi, inapanda tena lori, inapita Likasi na Fungurume, karibu kilometa 300. Mafuta ya lori, peaje, wabeba mizigo: vyote vinaingia mu bei. Mwenye kulipa safari hiyo ni bibi ya polisi pale sokoni.

Nyumba njo inauma zaidi. Lubumbashi ni mji mkubwa: kama mjini kati ni bei kali, mtu anatafuta Katuba ao Ruashi, hata kama atatembea mbali. Kolwezi iko paka na komini mbili, Dilala na Manika, na feza ya kampuni za migodi imepandisha bei ya kupanga. Mwenye lupangu anaomba dola, tena garanti ya miezi mingi mbele. Polisi analipwa mu franka. Mwanzoni mwa 2016, dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mu 2023 ikapita 2.500. Maana yake franka 100.000 zilikuwa kama dola 107, zikabakia chini ya 40. Mwenye nyumba hakupoteza kitu.

Mu mwezi wa tatu 2025, serikali ilitangaza kuongeza mara mbili mshahara wa askari na polisi. Ni jambo zuri, tunalisifu. Lakini ukiongeza sawasawa pande zote, yule wa Kolwezi anabakia nyuma ya mwenzake.

Mutauliza: mtu wa sindika ya migodi anatafuta nini mu mambo ya polisi? Ndugu zangu, siku ya mgomo, ni yeye wanamusimamisha mbele yetu ku mlango wa kampuni. Sisi, Katiba inatupa haki ya kugoma, article 39. Yeye, sheria inamukataza. Hana delege, hana wa kumusemea. Na article 36 inasema mshahara utoshe mfanyakazi pamoja na jamaa yake waishi kwa heshima. Polisi naye ni mfanyakazi.

Njaa haikose njia. Inatokea ku barabara, mbele ya dereva wa taksi. Inatokea ku bariere, mbele ya mchimbaji na mfuko wake. Pengine kampuni yenyewe njo inamupa chakula na prime kidogo. Sasa anayekula mu sahani ya kampuni, siku ya mgomo atasikiliza nani?

Mambo tatu yanawezekana: posho ya makao kufuatana na bei ya kila mji, kambi za polisi zitengenezwe ili wasipange mu dola, na mshahara utoke tarehe inayojulikana. Kila mwezi wa tisa, bunge linaingia mu kikao cha bajeti. Wadepite wa Haut-Katanga na wa Lualaba wanajua bei ya unga mu miji yao. Wapeleke hesabu hiyo Kinshasa.