Namba ya toleo ni ahadi

Mkulima wa Lyamkena akiingia duka la pembejeo pale Makambako wakati wa kupanda, haombi mbegu ya mahindi tu. Anataja namba. Atasema anataka UH 615, au UH 6303, au H 614 aliyoizoea baba yake. Anajua kwamba akikosea namba, amekosea msimu mzima. Lakini mkulima huyo huyo, ndugu msikilizaji, simu yake ikimwambia kuwa programu fulani ina toleo jipya, anabonyeza kukubali bila kuuliza ni toleo gani na limebadili nini.

Nami sijioni bora kuliko yeye. Siku moja fundi alitutilia toleo jipya la programu ya kuhariri sauti katika kompyuta moja ya studio, akaiacha ya pili na toleo la zamani. Jioni nikahariri mazungumzo yangu kwenye ile yenye toleo jipya. Asubuhi kompyuta ya kurushia matangazo ikakataa katakata kuyafungua. Ilinibidi nisome hewani kutoka kwenye karatasi, jasho likinitoka. Ndiyo maana leo nazungumzia maneno machache ya watengenezaji wa programu.

Neno la kwanza ni toleo. Programu haimaliziki siku moja. Waandishi wake huirekebisha, na kila wanapoitoa kwa watumiaji huipa namba. Utaratibu unaofuatwa na wengi, ulioandikwa na Mmarekani Tom Preston-Werner, una namba tatu zilizotengwa kwa nukta, kwa mfano 2.4.1. Namba ya mwisho ikipanda, maana yake ni kiraka: kosa limezibwa, mengine yako vile vile. Ya katikati ikipanda, kuna kitu kipya kimeongezwa, lakini vya zamani vinaendelea kufanya kazi. Ya kwanza ikipanda, kaa chonjo, kwani kilichofanya kazi jana huenda leo kisifanye.

Hata hivyo, kila nyumba ina desturi yake. Chukua DHIS2, mfumo ambao Tanzania inautumia kukusanya taarifa za vituo vya afya. Mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki katika kazi hiyo. Toleo la 2.40 lilitoka mwaka 2023, kisha vikafuata viraka vyake, 2.40.1 na kuendelea. Kabla yake kulikuwa na 2.39. Hapo ile 2 ya mwanzo ilikaa miaka mingi bila kuguswa, na namba ya kati ndiyo iliyotangaza toleo kubwa. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Ni lazima kusoma maelezo ya mabadiliko, yaani orodha inayosema kimeongezwa nini, kimeondolewa nini na kimerekebishwa nini. Asiyeisoma anaweza kukuta fomu ya chanjo haifunguki siku ya kupeleka ripoti ya mwezi, na watoto waliochanjwa wasionekane katika hesabu.

Neno la pili ni hazina. Humo ndimo maandishi ya programu yanamohifadhiwa pamoja na historia yake: nani alibadili nini, na lini. Chombo kinachotumiwa sana kwa kazi hiyo ni Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kila toleo hutiwa alama katika historia hiyo, ili likitakiwa baada ya miaka lipatikane lilivyokuwa.

Neno la tatu ni utoaji wa toleo kwa mashine. Hapa hatua zote hupangwa mapema: mashine inachukua maandishi kutoka hazina, inayafanyia majaribio, inaandika namba, inatoa orodha ya mabadiliko, kisha inapeleka toleo panapohusika. Jaribio moja likishindwa, safari inasimama hapo hapo.

Kwa nini tusimwachie binadamu? Kwa sababu binadamu husahau. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa, ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa muda wa dakika 45 hivi. Programu mpya ilipaswa kuwekwa katika kompyuta nane. Fundi aliiweka katika saba. Ile ya nane ikaendelea na maandishi ya zamani na kufanya biashara ya wazimu. Ni kisa kile kile cha studio yetu, ila chao kilikuwa cha fedha.

Lakini mashine nayo si malaika. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza marekebisho yenye kosa, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zikazimika. Ndege zilikwama na hospitali zikasumbuka. Mashine hupeleka kosa kwa kasi ile ile inayopelekea jema. Hivyo kuna maneno mawili ya kumalizia: kutoa kidogo kidogo, yaani kuanza na watumiaji wachache kabla ya wote, na kurudi nyuma, yaani kuwa na njia iliyokwisha kujaribiwa ya kurejesha toleo la jana.

Basi, ndugu msikilizaji, ofisi yako, shule yako au zahanati yako ikiletewa programu mpya, muulize mleta mambo matatu. Ni toleo namba ngapi? Limebadili nini? Likitushinda, tunarudije? Akibabaika kujibu, mwambie asubiri kidogo. Mkulima hanunui mbegu isiyo na namba kwenye mfuko.

Tukutane wiki ijayo.