Kutapika baada ya Kupasuliwa

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Afunguapo macho tu, anaomba beseni. Anatapika, na kila akitapika kidonda kinamwuma kana kwamba kinashonolewa. Jamaa hunong'onezana: «Ni dawa ya usingizi inamtoka mwilini.» Na wako ambao, wakiisha kuona hayo, huapa kwamba wao hawatakubali kisu kamwe, basi huificha ngiri yao miaka na miaka, mpaka siku utumbo unaponaswa na kuhatarisha maisha yao. Kumbe kutapika huko kunaweza kuzuiwa, au walau kupunguzwa sana.

Mashaka hayo yalianza pamoja na dawa za usingizi zenyewe. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya waganga, akapasuliwa. Etha iliondoa maumivu, lakini wengi walioivuta walitapika sana. Dawa za leo ni pole kuliko ile. Hata hivyo, wasipopewa kinga, watu 3 hivi katika kila 10 hutapika.

Tena si uchafu unaotoka. Nyuma ya kichwa, mahali ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kuna sehemu ndogo ambayo, tuseme, huionja damu. Ikionja sumu, au dawa kama morfini, hupeleka habari, na tumbo huamriwa kutapika. Sikio la ndani, linalopima mwendo wa mwili, nalo hupeleka habari huko huko. Kwa hiyo mtu ashikwaye na kigegezi melini katika ziwa Tanganyika, au ndani ya lori katika milima ya Kivu, yu karibu zaidi kutapika baada ya kupasuliwa.

Mwaka 1999 mganga Christian Apfel na wenzake walitangaza alama nne za kumtambua mtu wa namna hiyo: ni mwanamke, havuti tumbako, amekwisha kutapika safarini au baada ya kupasuliwa zamani, tena atahitaji morfini au dawa za jamii yake kwa maumivu. Asiye na alama hata moja, hutapika au kuona kigegezi 10 tu katika 100. Wenye zote nne, 80 hivi. (Mtu asianze kuvuta tumbako kwa sababu hiyo! Madhara yake kwa mapafu na kwa kidonda yanapita faida hiyo ndogo.)

Mwaka 2004 walitoa habari za wagonjwa zaidi ya 4,000 waliojaribiwa dawa za kinga, kama vile ondansetroni, deksametazoni na droperidoli. Kila moja ilipunguza hatari kwa robo hivi, na ya pili ilipunguza robo ya hatari iliyobaki. Basi, pale ambapo wangetapika 80, kwa dawa moja hubaki 60, kwa mbili 45. Ndiyo sababu mwenye alama nyingi hupewa dawa mbili au tatu za aina mbalimbali, wala haongezewi ile ile moja. Deksametazoni hutiwa mwanzoni mwa usingizi, ondansetroni karibu na mwisho. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni.

Lakini mganga atajuaje, asipoambiwa? Mama aliyetapika siku mbili baada ya kupasuliwa mara ya kwanza na aseme, hata asipoulizwa. Mwenye ugonjwa wa sukari au wa moyo vilevile, kwa maana deksametazoni huongeza sukari katika damu, na ondansetroni yaweza kuharibu mapigo ya moyo wa watu wengine.

Tena jamaa wasimpe mgonjwa bugali kwa siri usiku wa manane. Chakula huachwa walau saa 6 kabla ya usingizi, maji matupu saa 2, mganga asipoagiza vingine. Aliyelala usingizi wa dawa hawezi kukohoa. Akitapika, chakula huingia mapafuni, na hakuna kinga itakayomponya na hatari hiyo.

Naye akitapika kitandani, mgeuzeni ubavu, mkamwite mwuguzi: kuna dawa nyingine, isiyo ya aina ile aliyokwisha kupewa. Tumbo likivimba na kutapika kukizidi siku ya pili au ya tatu, mwiteni mganga mara moja, maana huenda utumbo umeziba.