Ukali Gani? Asidi na Lugha Yake katika Maji ya Sukari Yanayochachushwa Nyumbani

Utangulizi

Katika Pwani ya Kenya, mnywaji akiambiwa kuwa tembo ni kali, huelewa kwamba lina kileo kingi kuliko tembo tamu lililogemwa hivi punde. Mpishi akiambiwa kuwa ndimu ni kali, huelewa jambo jingine kabisa: ni chachu. Neno ni moja ilhali maana ni mbili. Anayechachusha maji ya sukari nyumbani hukutana na maana hizo zote ndani ya ndoo moja. Hamira ikifanya kazi vyema, ukali wa kileo hupanda. Ukali wa asidi nao ukipanda kupita kiasi, hamira hudhoofika na kileo hukoma kuongezeka kabla ya sukari kwisha.

Makala haya yanalenga kueleza asidi hiyo inatoka wapi, inapimwaje na inadhibitiwaje. Aidha, yanaonyesha kwa nini mwenye kuieleza kazi hii kwa Kiswahili hana budi kuzitenga maana hizo mbili. Mjadala unahusu uchachushaji peke yake. Kuchemsha kilichochacha ili kukusanya mvuke wake ni suala jingine, na nchini Kenya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 inamtaka anayetengeneza kileo cha kuuza awe na leseni.

Utata wa msamiati

Kitenzi "chacha" hutumiwa kwa chakula kilichoharibika na kuwa na ladha kali, na pia kwa bahari iliyochafuka. Katika ukoo huo mna "chachuka", "chachusha", "chachu" na "uchachu". "Chachu" ni kile kinacholeta mabadiliko, na ndiyo sababu elimu huitwa chachu ya maendeleo. Lakini ni sifa pia ya ladha ya ukwaju na embe bichi. "Hamira", neno lililotoka Kiarabu, halina utata huo: ni kiumbe hai kidogo mno kinachojilisha sukari.

Katika makala haya, "uchachushaji" ni kitendo cha hamira kugeuza sukari kuwa kileo; "uchachu" ni ladha inayohisiwa ulimini; na "asidi" ni kemikali inayoileta ladha hiyo. Istilahi za sayansi si ngeni katika Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka wa 1990.

Chanzo cha asidi

Hamira huipasua sukari ya mezani kuwa sukari mbili sahili, yaani glukosi na fruktosi, kisha huzigeuza kuwa kileo na gesi ya kaboni dayoksaidi. Katika kazi hiyo asidi huzaliwa kwa njia kadhaa. Sehemu ya gesi huyeyuka majini na kuwa asidi hafifu. Hamira yenyewe hutoa asidi nyingine kwa viwango vidogo. Isitoshe, inapofyonza chakula chenye naitrojeni, hasa chumvi za amonia, husukuma nje ya seli chembe za haidrojeni, na chembe hizo ndizo kiini cha asidi.

Mambo haya hutokea katika kila uchachushaji. Tofauti ni kwamba nafaka zina protini na madini yanayoimeza asidi inapozaliwa. Busaa, inayotengenezwa kwa mahindi na kimea cha wimbi, ina kinga hiyo. Sukari nyeupe ya dukani haina karibu chochote ila sukari. Ni kama nyumba isiyo na kapi la mlango: upepo ukivuma kidogo tu, mlango hufunguka. Kwa hiyo kiasi kidogo cha asidi, ambacho katika busaa kisingeonekana, hutosha kuyavuruga maji ya sukari.

Kupima

Ulimi ni shahidi dhaifu, kwani utamu wa sukari huficha uchachu. Kipimo cha kutegemewa ni pH, kilichobuniwa na mwanakemia Søren Sørensen mwaka wa 1909 katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, maabara iliyoanzishwa na mwenye kiwanda cha bia. Maji halisi yana pH 7. Namba ikishuka, asidi imezidi. Kila hatua moja ni mara kumi: kinywaji chenye pH 3 kina asidi mara kumi kuliko chenye pH 4. Karatasi ya litmasi huonyesha tu kama kitu ni asidi au besi, hivyo haifai hapa. Zinahitajika karatasi zenye rangi za namba mbalimbali, au kipima pH cha umeme.

Hamira hustawi zaidi kati ya pH 4 na 5 hivi. Chini ya 3.5 huanza kulegea, na ikikaribia 3 inaweza kusimama kabisa. Dalili ya kukwama ni povu kukoma huku maji yakiwa bado matamu.

Kudhibiti

Hatua ya kwanza ni kutoanza vibaya. Baadhi ya watu hukamulia ndimu nyingi mwanzoni wakitumaini kuisaidia hamira, kumbe wanaipunguzia nafasi ya kufanyia kazi. Hatua ya pili ni lishe: kimea cha wimbi au hamira iliyochemshwa hadi ikafa huongeza naitrojeni pamoja na vitu vinavyomeza asidi, tofauti na chumvi za amonia zikitumiwa peke yake.

Hatua ya tatu ni kuweka kitu cha kupunguza asidi. Kinachofaa zaidi ni kalsiamu kaboneti, iliyomo kwa wingi katika maganda ya mayai na makombe ya chaza. Maganda huoshwa, huchemshwa, hukaushwa na kupondwa. Ubora wake ni upole: huyeyuka kadiri asidi inavyoyala, na asidi ikipungua kasi hiyo nayo hupungua. Gramu moja ya kalsiamu kaboneti hutosha kumaliza nguvu ya takriban gramu 1.2 za asidi ya siki. Hata hivyo, hutiwa kidogo kidogo na kupimwa tena, kwa kuwa hutoa gesi na povu laweza kufurika. Chaki ya darasani haifai kuaminiwa, maana nyingi hutengenezwa kwa jasi, isiyopunguza asidi.

Magadi, yanayojulikana sana jikoni kwa kulainisha maharagwe, huyeyuka yote mara moja. Hupandisha pH ghafla, huacha sodiamu inayoisumbua hamira, na huharibu ladha. Sufuria ya alumini pia iepukwe, kwa kuwa asidi huila; ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula ni bora.

Jambo moja lisisahaulike: asidi haistahili kuondolewa yote. Ni mlinzi pia. Bakteria wanaosababisha sumu ya botulini hawakui pH ikiwa chini ya 4.6. Lengo basi ni kuirejesha pH hadi karibu 4, si 7.

Asidi ya mgeni

Kuna asidi isiyotokana na hamira. Tembo la mnazi huanza likiwa na pH karibu na 7, na katika siku moja huweza kushuka hadi karibu na 4 kwa kazi ya bakteria na hamira za porini. Likiachwa wazi siku kadhaa, bakteria wengine hutumia hewa kugeuza kileo kuwa siki. Maji ya sukari yakinuka siki, maganda ya mayai hayatayaponya. Yatapunguza asidi tu huku bakteria wakiendelea kutengeneza nyingine. Dawa ni usafi wa vyombo na kifuniko kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Kilichokwisha kuwa siki kiachwe kiwe siki.

Hitimisho

Shuleni nchini Kenya, kemia hufundishwa kwa Kiingereza; jikoni, kazi hizi huelezwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani. Katika pengo hilo, kauli "imekuwa kali" yaweza kumaanisha kuwa kinywaji kiko tayari, kwamba hamira inakufa, au kwamba siki imeingia. Kila maana ina hatua yake, na anayechagua visivyo hupoteza ndoo nzima. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekusanya maarifa ya wagema na wapika busaa ana wajibu wa kuuliza kila anapolisikia neno hilo: ukali gani? Jibu likiandikwa pamoja na neno lenyewe, kamusi itakuwa imemfaa mwanaisimu na mwenye ndoo vilevile.