Saa za Ukutani na Saa za Safari

Tuseme ndege yaondoka Nairobi mwezi Januari, saa tano na nusu usiku, na kutua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Je, imesafiri saa 7? Mwanafunzi akigawa kilomita zipatazo 11,800 kwa 7 atapata mwendo upitao ule wa sauti. Concorde, iliyouweza, iliacha kubeba abiria mwaka 2003. Saa za New York wakati huo ziko nyuma ya zetu kwa 8, hivyo safari ni ya saa 15. Kurudi huchukua takriban 14, kwani pepo za magharibi zivumazo juu ya Atlantiki, kimo cha kilomita kama 10, huisukuma ndege. Wakati wa kwenda huizuia.