Usukani Usiojali Sumaku

Redio za valvu zilizokuwa zikipokea Sauti ya Mvita katika nyumba za mtaa wa Kuze, Mombasa, miaka ya 1950 zilikuwa na kifaa ambacho mtoto mdadisi, akichungulia nyuma ya sanduku, hakukosa kukiona: kapasita ya kuzungusha. Ni mabati membamba ya nusu duara yaliyopangwa safu mbili. Safu moja imekazwa, nyingine imeshikana na kitufe cha kutafutia stesheni. Ukizungusha kitufe, mabati ya safu hii hupenya baina ya mabati ya safu ile bila kugusana, na kadiri yanavyofunikana ndivyo kifaa kinavyoweza kubeba chaji zaidi, kutoka pikofaradi chache hadi mia kadhaa. Kikishirikiana na koili, ndicho kilichochagua stesheni.

Sasa ligeuze jambo hilo. Ikiwa kuzungusha kunabadilisha uwezo wa kubeba chaji, basi ukiupima uwezo huo utajua kitufe kimezungushwa kiasi gani. Wahandisi wanaotaka kusoma mzunguko wa usukani kwa kapasita wameanzia hapo hapo.

Kwanza tuulize gari lina haja gani ya kujua. Tuktuk inayokata kona za vichochoro vya Mji wa Kale haina haja hata kidogo: dereva anageuza kwa nguvu za mikono yake. Magari ya zamani yenye powa steringi yalisaidiwa na pampu ya mafuta iliyozungushwa na injini kwa mkanda. Gari la umeme halina injini ya kuzungusha pampu hiyo, kwa hiyo msaada hutoka kwa mota ya umeme. Mtindo huo haukuanza na magari ya umeme. Suzuki waliuweka kwenye Cervo mwaka 1988, na leo magari madogo mengi ya petroli yanayoshushwa bandarini Kilindini yanao. Mabasi ya umeme nayo yameshafika: BasiGo walianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na kazi ya kuyaunganisha mabasi yao ilifanywa hapa hapa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers.

Mota hiyo haiwezi kusaidia bila kujua dereva anataka nini. Ndani ya shafti ya usukani mna kijiti cha chuma kinachokubali kujipinda digrii chache tu. Dereva akigeuza, ncha ya juu hutangulia na ya chini huchelewa kidogo. Kompyuta hulinganisha pembe hizo mbili, na kutokana na tofauti yake hujua mkono unasukuma kwa nguvu gani. Sensa ikikosea kwa sehemu ndogo ya digrii, dereva atahisi gari linavutwa upande. Pembe ya usukani wenyewe inahitajika pia, ili mfumo wa kuzuia gari lisiserereke ulinganishe unakotaka kwenda na gari linakoelekea. Ndiyo maana magari mengine yakitoka kufanyiwa alaimenti, na fundi asiirudishe sensa kwenye sifuri, taa huwaka kwenye dashibodi ingawa tairi zote zimenyooka.

Kazi hii kwa kawaida hufanywa na sumaku. Sumaku ndogo hufungwa kwenye shafti, na chipu iliyo karibu husoma inavyozunguka. Ni rahisi, ni imara, na uchafu hauisumbui. Shida ni jirani zake. Waya mmoja unaobeba ampea 300, ukiwa umbali wa sentimita 10, hutoa uga wa sumaku unaozidi ule wa dunia zaidi ya mara kumi. Ni kweli kwamba waya wa kwenda na wa kurudi zikilazwa pamoja hupunguzana nguvu, na watengenezaji hufanya hivyo. Lakini katika gari la umeme mikondo mikubwa ipo tele, na kila dereva akikanyaga mafuta (bado tunasema hivyo) mikondo hiyo hubadilika ghafla.

Kapasita haijali sumaku, kwa sababu inapima uga wa umeme. Sensa yake haina hata mabati ya redio. Huwa ni bodi ya saketi yenye umbo la pete, imechorwa njia za shaba zinazotuma ishara ya kasi kubwa. Mbele yake huzunguka pete nyingine yenye umbo la mawimbi, ambayo haina waya wala haigusi kitu, hivyo haichakai. Njia nyingine za shaba hupokea kilichopita. Uga wa umeme kutoka nje huzuiwa kwa kifuniko chembamba cha bati, wakati kuuzuia uga wa sumaku kunataka chuma maalumu na kizito.

Kinachopimwa ni kidogo mno. Sahani mbili za sentimita moja ya mraba, zikitengana milimita moja hewani, hazifikishi hata pikofaradi moja, na pikofaradi ni sehemu moja ya trilioni ya faradi. Asilimia moja ya hapo ndiyo inayotafutwa, na pengine chini yake. Kwa kipimo kidogo namna hiyo, joto, mtikisiko au pete kukaa upande kidogo vingetosha kuharibu hesabu. Ujanja uliotumika ni kutopima kitu kimoja. Njia za shaba huchorwa ili zitoe ishara mbili, moja ya saini na moja ya kosaini, kisha kompyuta hugawanya moja kwa nyingine. Joto likizipandisha zote mbili kwa kiasi sawa, mgao haubadiliki na pembe inabaki ile ile. Huo mgawanyo, kwangu mimi, ndio uzuri wa kifaa hiki kuliko kitu kingine chochote ndani yake.

Lakini maji hayagawanyiki kwa urahisi huo. Aliyewahi kushika kalipa ya dijitali anajua, maana nayo husoma kwa kapasita. Fundi anapima unene wa diski ya breki, jasho linamtiririka kidoleni hadi kwenye kipimo, na tarakimu zinaanza kurukaruka. Akipangusa kwa kitambaa, zinatulia. Hewa yenye unyevu yenyewe haina hatia: hata ikishiba mvuke kwa joto la Mombasa, athari yake haifiki sehemu moja katika elfu. Ila maji yakishakuwa utando juu ya bodi, uwezo wake wa kusitiri uga wa umeme ni kama mara 80 ya hewa, na hayakai sawasawa pande zote za pete.

Pwani kuna ziada ya chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa kunyonya maji ya hewani unyevunyevu ukifika kama asilimia 75, na usiku wa Mombasa hupita hapo mara nyingi. Gari linalolala pembezoni mwa Kuze halina haja ya kunyeshewa. Vumbi la chumvi lililoletwa na upepo wa bahari, likipata upenyo, litageuka lenyewe kuwa majimaji yanayopitisha umeme. Kwa hiyo ningeikubali sensa hii kwenye shafti iliyo ndani, juu ya miguu ya dereva. Chini kwenye reki ya steringi, karibu na tairi zinazorusha maji ya barabarani, ningeiachia kazi sensa ya sumaku.

Hoja ya kuwa na sensa zote mbili, ya sumaku na ya kapasita, inapata uzito pale shafti yenyewe inapoondolewa. Infiniti Q50 ya 2013 iligeuza tairi kwa waya lakini ikabakiza shafti ya akiba. Cybertruck ya Tesla, iliyoanza kukabidhiwa wanunuzi mwishoni mwa 2023, haina shafti hiyo kabisa. Hapo sensa haisaidii mkono tena, bali ndiyo njia pekee ya mkono kufika tairini, na magari ya namna hiyo huwekewa sensa zaidi ya moja. Sensa mbili za sumaku zikikumbwa na uga mmoja zinaweza kudanganya kwa pamoja, na kompyuta itaona mashahidi wawili wanaokubaliana. Moja ya sumaku na moja ya kapasita haziogopi kitu kimoja. Chumvi ikiipotosha hii, ile itapinga, na kompyuta itajua kuna kasoro kabla dereva hajahisi lolote.

Magari mengi ya Kenya huja yakiwa yameshatumika, na sheria inaruhusu hadi umri wa miaka minane. Sili ya mpira inayofunika sensa hiyo itafika Kilindini ikiwa imeanza kukauka, na fundi wa Mombasa atakayefungua usukani ataianza kazi yake hapo, kwenye mpira, kabla ya kuunganisha kompyuta.